Siku ya triathloni: somo tulilosahau kumpa kijana wetu

Kwetu sisi tuliokulia Unguja, bahari ilikuwa njia ya riziki na mahala pa kuogea watoto siku za sikukuu. Hatukupata kufikiri kwamba iko siku mtoto wetu atalipa ada ili aogelee mita 750 kwa kushindana, atoke majini mbio, apande baiskeli kilomita 20, kisha ashuke na kukimbia kilomita 5 kwa miguu, yote kwa mfululizo na saa ikihesabu bila kusimama. Mchezo huo unaitwa triathloni. Kwa sura yake ya leo ulianza San Diego, Marekani, mwaka 1974, ukaingia katika Michezo ya Olimpiki mwaka 2000 kule Sydney. Huo tulioutaja ni umbali mfupi. Upo wa Olimpiki, ambao ni maradufu ya huo, na upo mrefu sana ambao mtu huogelea kilomita 3.8, huendesha baiskeli kilomita 180, kisha hukimbia marathoni nzima. Hapa Muscat, tunakoishi kwa miaka mingi sasa, mashindano ya namna hii hufanyika miezi ya baridi, kwani joto la kiangazi cha Oman halimruhusu mwenye akili zake kukimbia mchana.

Kijana wetu alikuwa na miaka 19 alipoileta habari hiyo nyumbani. Hatukumkataza. Kijana anayeamka alfajiri kwa hiari yake, akaswali, kisha akaenda kufanya mazoezi badala ya kurudi kitandani, si wa kukatazwa. Bibi yake, aliyeko Unguja, alipopigiwa simu aliuliza swali moja tu: "Akichoka katikati ya bahari, atashika nini?" Tulicheka. Lau tungekuwa na busara, tungelijibu swali lile kwanza, ndipo tukanunue baiskeli.

Miezi mitano alijitayarisha, na sisi pamoja naye. Tulimnunulia viatu, tukampikia vyakula vya kumpa nguvu, tukampeleka bwawani jioni tatu kwa wiki. Aliogelea mita 1,000 bila kupumzika. Tuliona tumemaliza kazi.

Siku yenyewe ilikuwa Ijumaa, ambayo huku ni siku ya mapumziko. Jambo la kwanza kuharibika lilitukuta bado giza: tairi la mbele lilikuwa limelegea, na pampu tumeiacha nyumbani. Mzee mmoja tusiyemjua, aliyetundika baiskeli yake kando ya yetu, alitupa ya kwake bila kuulizwa. Tulidhani hilo ndilo tatizo la siku, na kwamba limekwisha. Tuliswali Alfajiri juu ya mkeka kando ya gari, kijana akavaa chipu ya kuhesabia muda kifundoni, akaenda.

Honi ililia muda mfupi baada ya jua kuchomoza. Yeyote ambaye hajaona watu zaidi ya mia moja wakiingia baharini kwa pamoja hawezi kujua ghasia zake. Miguu hupiga vichwa, mikono hukwaruza migongo, maji huwa meupe kama yanachemka. Bwawani kijana wetu alikuwa na njia yake peke yake, na mstari wa buluu chini wa kumwongoza. Hapa alipigwa teke la uso, miwani yake ya kuogelea ikatoka na kuzama, akafungua kinywa kutaka hewa akapata maji ya chumvi. Haya aliyasimulia baadaye. Sisi ufukweni tuliona kofia moja ya rangi ya chungwa iliyoacha kwenda mbele.

Mwokozi aliyekuwa kwenye kayaki alimsogelea na kumwuliza jambo. Kofia ile ilitikisika kukataa. Kayaki ikarudi nyuma kidogo, ikangoja. Akaogelea tena mikono minne mitano, akasimama tena. Mara ya pili alikataa vilevile. Mara ya tatu hakuulizwa. Alishikwa kwapani na kuvutwa.

Alhamdulillahi, alifika ufukweni anapumua, anakohoa, midomo imebadilika rangi. Daktari wa mashindano alimweka chini ya uangalizi, akampima mara kwa mara, kisha akatuambia neno ambalo tunapenda kila mzazi alishike: mtu aliyevuta maji mapafuni asiachwe peke yake siku ile, hata akisema amepona. Kikohozi kikizidi, pumzi ikawa fupi, kifua kikabana au akawa na usingizi usio wa kawaida, apelekwe hospitali mara moja. Usiku ule tulilala kwa zamu.

Lakini lililotukosesha usingizi zaidi lilisemwa ndani ya gari. Tulimwuliza kwa nini hakunyanyua mkono, nayo ndiyo ishara ya kuomba msaada ambayo waandaaji waliieleza mbele yetu. Alikaa kimya hadi tukapita taa mbili za barabarani. Kisha akasema, "Nilikuoneni mmesimama. Nilijua mtaona haya."

Mmoja wetu, aliye baba, alikumbuka kauli aliyoitoa usiku uliotangulia, akimkabidhi kijana namba yake ya mashindano: "Usituaibishe tu." Aliisema kwa mzaha, mezani, kila mtu akacheka. Kijana aliichukua akaingia nayo baharini.

Hapo ndipo tulipotambua kwamba tulimfundisha kila kitu isipokuwa namna ya kuomba msaada. Na zaidi ya hayo, hakuijua kanuni ambayo ingemtosheleza. Alidhani mwenye kugusa kayaki ameshatolewa mashindanoni. Kanuni za triathloni humruhusu mshindani kushika boya au chombo kilichosimama ili apumzike, mradi tu asivutwe kwenda mbele. Angeweza kushika, akahema dakika mbili, akatoa maji miwanini kama angekuwa bado nayo, kisha akaendelea bila ya kupoteza chochote ila muda. Swali la bibi lilikuwa na jibu, na jibu limeandikwa, na sisi hatukulisoma.

Wiki chache baada ya hapo tulikaa sote na daftari la skuli. Tulipiga mistari miwili tukapata safu tatu: nini kinaweza kuharibika, nitafanya nini, na wapi nitasimama. Safu ya tatu ndiyo ngumu. Mtu akiwa amechoka na watu wanamtazama, hawezi kuamua vizuri; basi uamuzi huo huchukuliwa mapema, nyumbani, akili ikiwa imetulia. Binti yetu, mwaka mmoja mdogo kuliko kaka yake, alikuwa akisikiliza kutoka jikoni. Alipokuja kukaa alisema naye atashiriki mwakani. Tulitazamana. Hatukuwa na hoja ya kumkatalia ambayo hatukuwa tumeshaitupa kwa kaka yake.

Tuanze na maji, kwa kuwa ndiko tulikoungulia. Anayeogopa msongamano asianze katikati. Akae pembeni au nyuma, angoje sekunde kumi au kumi na tano wenye haraka wapite. Mkanda wa miwani uvaliwe chini ya kofia ya kuogelea, teke likija miwani isichukuliwe. Pumzi ikikatika, asishindane nayo: ageuke chali, aelee, atazame mbingu, atoe pumzi ndefu kuliko anayovuta. Wanetu walifanya zoezi hili baharini, si bwawani, kila Jumamosi, nasi tukiwa karibu kabisa. Akipitiwa na yavuyavu, asisugue mahali palipowashwa wala kupaosha kwa maji matamu; maji ya bahari yatumike, na akitoka aonane na wahudumu. Mwisho wa hayo yote ni mkono. Tuliwafanyisha kunyanyua mkono hata pasipo na shida, ili usiwe mzito siku ya shida.

Kwa binti yetu lilikuwapo suala la mavazi, ambalo familia nyingi hutuuliza. Masharti hutofautiana baina ya shindano moja na jingine, hivyo tuliwaandikia waandaaji wiki nyingi kabla. Walijibu kwamba vazi la kufunika mwili linakubalika, mradi uso uwe wazi na namba ionekane. Jibu lile tulilichapisha na kulitia katika begi lake, maana msimamizi wa mlangoni si lazima awe ndiye aliyejibu barua. Kisha vazi lenyewe lilijaribiwa baharini mara nyingi. La kwanza lilijaa maji kama gunia. La pili, lenye kitambaa chepesi kisichonyonya maji na kamba ya ndani ya kufunga kanzu na suruali zisipande juu, ndilo lililofaa. Chini ya helmeti alivaa kofia nyembamba ya kusitiri nywele isiyo na pini wala fundo kisogoni, kwa sababu fundo huifanya helmeti ikae upande. Mguu wa kulia wa suruali ulifungwa kwa mkanda, kwani ndiko uliko mnyororo.

Juu ya baiskeli mambo yanayoharibika ni mengi, ila machache ndiyo ya kila siku. Pancha ndiyo mama yao. Tuliwataka watoto wabadilishe tyubu uani kwetu huku tukitazama saa. Siku ya kwanza kaka alitumia dakika 26 na akavunja kijiti cha kutolea tairi. Baada ya mwezi alifanya kwa dakika nane, na dada yake kwa saba, jambo ambalo bado linazungumzwa katika nyumba hii. Kabla ya kutia tyubu mpya ni lazima kupitisha kidole ndani ya tairi, pole pole, kutafuta mwiba au kigae. Asiyefanya hivyo atatoboka tena mbele ya safari.

Wakubwa wa mchezo huu nao hupatwa. Mwaka 2008, katika mashindano ya dunia ya masafa marefu kule Hawaii, Mwingereza Chrissie Wellington alipata pancha, na gesi aliyobeba ya kujazia ikampotea pasipo kujaza tairi. Alisimama kando ya barabara kama dakika kumi akiwaomba wapitao. Aliyemsaidia alikuwa mshindani mwenzake, Rebekah Keat wa Australia, aliyempa chupa yake ya gesi. Wellington akashinda mashindano yale. Katika Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika 2021, Georgia Taylor-Brown wa Uingereza alitoboka akiwa karibu kumaliza sehemu ya baiskeli, akaenda nayo hivyo hivyo hadi mahali pa kubadilishia, kisha akakimbia mpaka medali ya fedha. Hili la pili hatuwashauri vijana wetu waliige katika kona kali. Ila wote wawili hawakukaa kulia kando ya njia.

Mnyororo ukitoka, mara nyingi hurudi wenyewe mtu akibadilisha gia ya mbele taratibu huku akizungusha pedali bila nguvu. Ukikataa, ashuke, aurudishe kwa mkono, mikono ichafuke. Sabuni ipo nyumbani.

Zipo pia adhabu, ambazo huwapata zaidi wenye haraka. Kamba ya helmeti hufungwa kabla ya kuigusa baiskeli, na haifunguliwi mpaka baiskeli imerudishwa mahali pake. Kuna mstari ambao mtu hapandi baiskeli kabla ya kuuvuka, na mwingine ambao lazima ashuke kabla ya kuufikia. Olimpiki ya London, 2012, Jonny Brownlee aliadhibiwa sekunde 15 kwa kupanda mapema. Alisimama, akaitumikia adhabu yake, akaondoka na medali ya shaba. Tuliwaambia watoto: ukiadhibiwa, usibishane na msimamizi. Hata kama amekosea, shauri hilo lina njia yake baada ya mashindano, na kubishana hula muda mrefu kuliko adhabu.

Kuhusu chakula tutasema kidogo tu, kwani kanuni yake ni moja: tumbo lisikutane na kitu kigeni siku ya mashindano. Tende ni chakula chema, nasi tunazo za kila aina, lakini aliyejaribu kula tende saba juu ya baiskeli kwa mara ya kwanza siku ile atakuja kutusimulia. Maji nayo yana kiasi chake. Upungufu hudhuru, na kunywa kupita kiu, lita juu ya lita, huzimua chumvi ya damu na kunaweza kumlaza mtu hospitali.

Joto ndilo tunaloliogopa zaidi baada ya bahari. Wengi wameona picha za Cozumel, Mexico, Septemba 2016. Jonny Brownlee yuleyule alikuwa akiongoza, mita mia chache kabla ya mwisho akaanza kuyumba kama mtu asiyejua aliko. Kaka yake Alistair, aliyekuwa nyuma yake, aliacha kufukuzia ushindi, akamshika mkono na begani, akakimbia naye hadi mwisho na kumsukuma avuke mstari kwanza. Henri Schoeman wa Afrika Kusini akawapita wote na kushinda. Watu huisifu picha ile kwa mapenzi ya ndugu, na ni haki yao. Sisi kama wazazi tuliitazama tena na tena kwa jambo jingine: ile miguu. Mkimbiaji akiyumba, akijibu maneno yasiyoeleweka, au akiacha kumtambua mtu wake, hayo hayahitaji kutiwa moyo kwa makofi. Asimamishwe, alazwe kivulini, avuliwe vya kumbana, amwagiwe maji ya baridi na barafu papo hapo huku wahudumu wakiitwa. Kupozwa kwanza, gari baadaye. Walioko kando ya njia ndio huyaona haya kabla ya yeye mwenyewe, na mara nyingi walioko kando ya njia ni baba na mama wanaopiga kelele "Kaza! Kaza!"

Kwa hiyo katika lile daftari tulijiandikia na sisi ukurasa wetu. Baba atasimama penye boya la pili, mama mahali pa kubadilishia. Hatutamwambia mtu amebakisha kiasi gani kama hatuna hakika. Hatutamwuliza "vipi?" kwa sauti ya hofu. Waandaaji wakiahirisha au wakifuta kuogelea, hatutanung'unika mbele ya watoto. Olimpiki ya Paris yenyewe, Julai 2024, ilisogeza triathloni ya wanaume kwa siku moja kwa sababu ya uchafu wa mto Seine, na waliokuwa wamejitayarisha kwa miaka walirudi kulala. Na lile neno la "usituaibishe" lilipigwa marufuku nyumbani, kwa mashindano na kwa mitihani pia.

Mwaka uliofuata walisimama wote wawili ufukweni. Pampu zilikuwa mbili garini. Bahari ilikuwa na mawimbi kidogo, si ya kutisha, na waandaaji waliwaingiza watu kwa makundi madogo, jambo lililotupunguzia mapigo ya moyo. Kijana aliingia kwanza, akakaa pembeni kama alivyopanga, akapita boya la kwanza na la pili, akatokomea upande wa pili. Mnyororo ulimtoka mara mbili barabarani, akamaliza karibu na mkia wa orodha, akiwa na mafuta meusi hadi kwenye paji la uso.

Binti alifika boya la pili akasimama. Tulimjua kwa kofia na kwa mikono mirefu ya vazi lake. Mmoja wetu alishika mkono wa mwenzake, ingawa tulipangiana kusimama mahali mbalimbali. Mama alikuwa ameiacha zamu yake. Kisha mkono ukanyanyuka. Ulinyanyuka wima, juu kabisa, kama wa mtoto wa madrasa anayejua jibu. Mama akapiga takbiri kwa sauti, watu wakageuka kututazama, na baba, ambaye mwaka uliopita angetamani ardhi impasukie, akaitikia.

Kayaki ilimfikia ikasimama. Akaishika. Tulimwona akizungumza na mwokozi, akitikisa kichwa, akipangusa miwani. Mawimbi matano, sita, saba. Halafu akaiachia.

Alipotoka majini walikuwa wamebaki nyuma yake watu wanne. Alitupita mbio, anatweta, akasema tu, "Mwambieni bibi nimeshika," akaenda kufunga kamba ya helmeti.

Saa tano na nusu tulikuwa njiani kuwahi Ijumaa, baiskeli mbili zimefungwa nyuma ya gari, mchanga kila mahali. Bibi alikuwa kwenye simu na alitaka kusimuliwa kutoka mwanzo. Wa kumsimulia walikuwa wameshalala wote wawili, vichwa vimegongana.